Kipande cha Bata

2 Februari

Mdogo wangu Bata,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hatujambo, ila goti la shemeji yako bado linamsumbua. Amelipatia jina, analiita Bosi, kwa sababu ndilo linaloamua kama leo atatoka au hatoki. Mimi tangu niache kupanda nguzo za simu nimenenepa. Msumari ukianguka, nafikiri kwanza kama nauhitaji kweli kabla ya kuinama. Watu wananiuliza kwa nini fundi simu mzima anaandika barua. Nawajibu kwamba nimesikiliza simu miaka thelathini na moja na najua watu wanavyodanganya humo. Kwenye karatasi angalau mtu anadanganya polepole.

Wenzetu wa Jumamosi wanakusalimu. Tungali tunakutana bandani kwa Kinyozi na mashine zetu za kukatia nakshi za mbao, na vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye chai. Daktari wa meno alikata kikapu cha plaiwudi chenye matundu mia mbili, wiki tatu nzima za kazi, halafu akakikalia. Tulicheka mpaka akanuna.

Sasa la mama. Paa la chumba chake limevuja bila sisi kujua, na maji yameingia kwenye sanduku lenye picha yake ya vipande vya mbao vya kupachikanisha, ile uliyomkatia ulipokuwa unaondoka. Nyumba yetu, mlango, baraza, vipande sitini vyote vimevimba. Hakuna kinachoingia kwa mwenzake. Kimepona kimoja tu, bata, kwa sababu huyo halali sandukuni, analala mfukoni mwa gauni la mama. Juzi muuguzi anayemtembelea aliniuliza bata anafanya nini kwenye mlango wa nyumba. Nikamweleza kwamba kila mkataji wa kundi letu huficha umbo lake katika picha, ndiyo sahihi yake. Kinyozi huweka mkasi, mimi ufunguo, na mdogo wangu huweka bata kwa sababu tangu ajifunze kutembea anatembea kama bata. Mama alikuwa anasikiliza. Akamtoa mfukoni, akasema, "Huyu mwanangu. Yuko mbali."

Usidhani yu mzima. Asubuhi ananiuliza baba ameenda wapi, na baba tumemzika huu mwaka wa tisa. Muuguzi anasema mikono yake isikae bure. Kwa hiyo nakuomba mawili. Mkatie picha nyingine, safari hii vipande ishirini na vinne, sitini hawezi tena. La pili, uje. Na usijibu la kwanza ukaliruka la pili, nakujua.

Kaka yako

11 Machi

Shikamoo kaka,

Nisamehe kuchelewa. Kiwandani kwetu maboksi yameagizwa mengi na tunakimbizwa, halafu nikapata mafua. Mpe pole shemeji, na mwambie Bosi apunguze amri. Habari ya kikapu imenichekesha peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni.

Mwandiko usikushangaze, naandika juu ya goti.

Picha ndiyo hiyo kwenye kifurushi. Nimetumia ile ile foto ya nyumba uliyoipiga wewe, na bata yuko mlangoni kama zamani. Ukiona imenyooka sana ujue nimepata mashine mpya.

Kuja, kaka, hapa likizo ni jambo la kuomba na kungoja. Tutaona.

Mama amemwona bata? Niandikie alichosema, maneno yake hasa, usiyapambe.

Mdogo wako

29 Machi

Bata,

Sisi wazima. Shemeji yako anasema asante kwa pole, Bosi amekataa.

Ulitaka maneno yake hasa, haya. Nilimwagia vipande mezani. Akamwokota bata kabla ya vyote, nikafurahi. Akapitisha kidole gumba ukingoni taratibu, unamkumbuka enzi za ushonaji wake alivyokuwa akikagua pindo la gauni la mteja. Akachukua kipande cha mlango, akampachika tunduni kwa juu, akaingia. Akamtoa, akavipindua vyote viwili, akampachika kwa chini. Akaingia vilevile. Mama akaniangalia kama nimemletea kitambaa kibovu. "Huyu si wake," akasema. Nikamwambia, mama, ametuma mwenyewe, jina lake liko kwenye kifurushi. "Wake haingii kwa chini." Akamsukuma pembeni, akamtoa yule wa zamani mfukoni, akamshika mpaka usingizi ukamchukua kitini.

Nikamchukua bata wako bandani nikampima kona kwa pembemraba. Kuta zake zimenyooka wima. Wewe hujawahi kukata ukuta wa wima tangu uzaliwe. Tulijifunza kwenye mashine ile kuukuu ambayo meza yake ilikuwa imelegea skrubu na kuinama kushoto, mimi nikajirekebisha, wewe ukakataa. Hata ulipopata mashine nzima uliiinamisha meza kwa makusudi. Daktari wa meno alikucheka miaka yote. Ukamwambia kipande kilichokatwa kwa mshazari kinaingia kwa juu tu, kikishakaa kimekaa, hakidondoki.

Mama hajui leo ni Jumanne au Ijumaa, na bado amekugundua kabla yangu mimi niliyekaa nawe benchi moja. Sasa niambie bila kuzungukazunguka. Nani amekata picha ile? Na mwandiko ule ni wa goti la nani? Nimeandika nikiwa juu ya nguzo za simu mvua ikinyesha na haukuwa vile.

Na kuja umekuruka, kama nilivyosema.

Kaka yako

20 Mei

Kaka, shikamoo,

Natumaini mama analala vizuri. Huku jua limekuwa kali na kiwandani wamefungua madirisha yote.

Nimeanza barua hii mara nne.

Aliyekata ni mpishi wa kantini yetu. Naye anapenda mambo ya nakshi, tulikutana kwa sababu nilimwona ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilimchorea, yeye akakata. Nilimwambia ainamishe meza, akaniona nimechanganyikiwa, akasema hawezi kuharibu kazi yake kwa makusudi. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Desemba, kwenye mashine ya kukatia maboksi, niliacha vidole viwili vya mkono wa kulia. Cha shahada na cha kati. Sikuwa nimelala wala kucheza, boksi lilikwama nikalivuta kama nilivyolivuta mara elfu. Mwandiko unaousoma ni wa kushoto. Mashine yangu ya nakshi nimempa mpishi. Nilijaribu kwanza, usidhani sikujaribu. Mbao inaruka, kaka. Vidole vile viwili ndivyo vilivyokuwa vinaikandamiza karibu na wembe, vilivyobaki havijui kazi hiyo na havitaki kujifunza.

Sasa unajua kwa nini siji. Mama alinifunga vifungo vya shati siku ya safari na kuniambia nirudi kama nilivyo. Nimwendee na mkono huu? Usimwambie. Nakuomba kama ndugu yako, usimwambie. Huyo bata wa zamani aendelee kukaa naye. Kwake yeye mimi bado nakata.

Bata

4 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea bandani, kwa bahati mbaya mbele ya wenzetu. Niliinama nikajifanya natafuta wembe chini ya benchi. Kinyozi akazima mashine yake, akatoa wengine wote nje. Nina hasira nawe. Miezi mitano unauguza mkono peke yako na mimi nakuandikia habari za kikapu! Shemeji yako amelia, kisha akanigombeza mimi, eti ndivyo nilivyokuzoesha kujikaza.

Sijamwambia mama. Umeomba, nimekubali, ingawa sijui kama tumefanya vema.

Nimefanya jambo jingine. Nimelegeza skrubu ya meza, nikaiinamisha kushoto kama yako, nikakata picha ya nyumba upya. Vipande vinane tu. Mlangoni nimeacha nafasi ya bata wako wa zamani, nikamchora pembeni mwake kwa penseli iliyochongwa mpaka imekuwa sindano. Nimeharibu mbao tatu. Ya nne nilimpelekea mama, akamtoa bata mfukoni, akampachika kwa juu, akakaa. Akampindulia kwa chini, akagoma. Akacheka, Bata. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua zile. "Huyu hapa mwanangu," akasema, "amerudi nyumbani." Tangu siku hiyo anampachika na kumtoa kutwa nzima.

Na mimi nikutobolee siri yangu. Nilikuwa nakuandikia kwamba mama ananiuliza hiki na kile. Kweli ananiuliza, ila hajui anamwuliza nani. Tangu Januari ananiita fundi. "Fundi, umekuja tena? Simu bado mbovu?" Kila asubuhi nagonga mlango wa chumba cha mama yangu, naingia na chai, najitambulisha kama fundi simu, kwa sababu nikisema ni mwanawe anaogopa. Shemeji yako kwake ni "yule mama mwenye mguu". Ufunguo wangu wa mbao nilimwonyesha, akauliza unafungua nini.

Katika sisi wote umebaki wewe peke yako kichwani mwake. Mimi siumii tena, au naumia kidogo. Lakini sijui utakaa humo kwa muda gani. Njoo akujue. Vidole si kitu, njoo na vilivyobaki.

Kaka yako

27 Julai

Shikamoo kaka,

Salamu kwa shemeji na wote wa bandani. Nimepewa siku tano. Nitafika tarehe kumi na nne Agosti mchana. Usije kunipokea, kaa na mama, nataka niwakute mmekaa.

Nimenunua glavu, kisha nimeiacha. Nadhani ni bora anione.

Bata

25 Agosti

Bata,

Natumaini umefika salama. Hapa hatuko salama.

Uliondoka bila kuniaga. Nilikwenda kuchukua dawa za mama zahanati, saa moja tu, nikarudi nikakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo. Shemeji yako alikuwa uani anaanika nguo, hakukuona. Sikulaumu sana. Zile siku nne nilikuwepo.

Namkumbuka kila siku mama alivyokuwa ile siku ya kwanza. Uliposema, "Mama, ni mimi, Bata," alikutazama usoni muda mrefu, na naapa niliona kitu kinakuja, midomo ilikuwa imeshaanza kutamka. Kisha macho yakashuka mkononi. "Mwanangu ana vidole kumi," akasema. "Nilivihesabu mwenyewe alipozaliwa." Na ulipomsogelea akaniita mimi, "Fundi, mtoe huyu mtu." Ningemwambia mapema, angekuwa na miezi miwili ya kuuzoea mkono kabla ya kuuona. Ulinikataza nami nikakutii, na lawama tugawane.

Ninachokuandikia ni hiki: bata hayupo. Tangu ulipoondoka picha ina tundu mlangoni. Mama anamtafuta. Amevua mito foronya zote, amekung'uta viatu vyangu, jana alimpekua muuguzi mifuko. Nikimwuliza, mama, unatafuta nini, hawezi kusema. Anaonyesha tundu, analia. Nimefagia uvunguni, nimechekecha hata majivu. Nilimkatia mwingine kwa mshazari uleule, akamrusha dirishani.

Asubuhi ile mlikuwa wawili tu. Ulimwona wapi mara ya mwisho?

Kaka yako

9 Septemba

Kaka,

Usifagie tena. Bata ninaye mimi, na sikumwiba.

Ulipotoka kwenda zahanati, mama aliniita, "Wewe mgeni, kaa." Siku nne alikuwa hanitaki karibu, kwa hiyo nilikaa haraka kabla hajabadili mawazo. Akaniuliza natokea upande gani. Nikamwambia. Akashangilia! "Basi huko ndiko aliko mwanangu. Utamjua tu, anatembea kama bata." Nikasema namjua. Akavuta kiti, magoti yetu yakagusana. Anaendeleaje? Nikasema mzima. Anakula? Anakula. Bado anakata mbao? Nikasema anakata, mama, anakata vizuri sana. Nilitaka kusema ni mimi. Nilikuwa nimesema mara tisa kwa siku nne, na kila mara alilia au alikuita. Kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama kwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kupata mtu wa kumtuma.

Akamng'oa bata mlangoni. Akamtia kwenye kiganja changu, mkono huuhuu, akavikunja vidole vilivyobaki kimoja kimoja juu yake. "Mpelekee. Mwambie aje naye mwenyewe. Nimechoka kumngoja, na watu wa nyumba hii siwajui." Akanihimiza niondoke mara moja nisije nikachelewa. Akaniletea begi langu mwenyewe, kaka, analiburura. Nisingeweza kukungoja na kukuaga kwa sauti ya kawaida.

Kuna jambo sijalimaliza nalo. Alisimama dirishani kunitazama nikienda langoni. Nilijua ananitazama, na nilitembea kwa kunyooka. Nilikaza kiuno, nikaweka miguu sawasawa kama askari. Nilidhani nikitembea kwa mwendo wangu atachanganyikiwa, atalia tena. Hatua thelathini na mbili kutoka mlangoni mpaka langoni, na maishani mwangu sijawahi kutembea hivyo. Mkono ndio uliomwondoa kwangu, lakini miguu yangu ilikuwa ileile. Ningeiacha iende inavyojua labda angepiga kelele, "Bata!" Labda. Nalisema neno hilo kila siku kiwandani, mashine zinapiga kelele na hakuna anayenisikia.

Bata amekaa mezani kwangu wiki tatu. Siku tano za likizo zimekwisha, nyingine ni mwakani. Nikirudi naye mimi ni yule mgeni aliyeshindwa kufikisha mzigo. Nikikaa naye, mama analia. Nimemfunga kwenye soksi, ndani ya boksi nililolikunja mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mrudishie.

Mdogo wako

30 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeipokea barua yako na kifurushi siku moja. Goti la shemeji yako limepata nafuu, nakuandikia hilo kwanza kwa sababu ni la kweli na ni zuri. Kinyozi ameuza banda, tunatafuta mahali pengine, huenda tusipate.

Niligonga, nikaingia na chai, nikasema fundi simu. Nikaweka soksi mezani. Mama akamtoa bata, akapitisha kidole gumba ukingoni, mzunguko mzima. Akampachika kwa juu, akakaa. Akampindulia kwa chini, akagoma. Alimjua, Bata. Nataka ulijue hilo, alimjua pale pale. Nikangoja acheke.

Akatazama mlango nyuma yangu. Kisha akaniuliza, "Amekuja naye nani?"

Nikasema ameletwa na posta, mama.

"Kwa hiyo mwanangu amepewa," akasema, "na hakuja."

Nilimwambia ulikuja. Nilipiga magoti nikamshika mikono, nikamwambia ulikuja, ulikaa hapa siku nne, ulimpa chai, yule mgeni ni wewe. Nikasema na mimi ni nani. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza muuguzi. Akampachika bata mlangoni akamkandamiza kwa kiganja mpaka akalingana na mbao. Sasa ni wiki mbili na hajamtoa. Mfukoni ameweka kitambaa. Jumatatu muuguzi alimwuliza ana watoto wangapi, akasema hana hakika, tumwulize fundi.

Usijisumbue kuomba likizo ya mapema. Jina lako nikilitaja anauliza ni nani huyo. Sikuandikii hivi kukuvunja moyo, uliniomba zamani nisipambe.

Picha iko mezani kwake, imekamilika. Kila Jumamosi naifuta vumbi.

Kaka yako